Nyumba ya Saba

Wasifu wake ulisomwa kaburini, kwetu Nambis, huku milimani Mbulu, na msomaji alikuwa na sauti nzuri na karatasi tatu. Tuliambiwa alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, alibatizwa na nani. Katika karatasi zote tatu jembe halikutajwa hata mara moja. Nilisimama pale na hasira zangu mpaka wimbo wa mwisho, kisha nikala chakula cha msiba kama watu wengine. Ya kuzaliwa na ya ukoo sitayarudia, yameshasomwa. Nitaandika yaliyoachwa.

Tulimwita Mwinjilisti. Cheo hicho kanisa letu lilikuwa limemvua kwa barua miaka mingi kabla sijakaa naye karibu, lakini barua ni barua na watu ni watu. Hakuna aliyeacha kumwita hivyo, hata mwenyekiti wa kamati ya kanisa aliyetia sahihi. Barua yenyewe aliitunza. Aliifanya alama ya ukurasa kwenye Biblia yake, na ukienda kusoma naye ungeiona ikichungulia katikati ya Matendo ya Mitume, imechakaa kwenye mikunjo. Ukimuuliza inasema nini, alikujibu, "Inasema nipumzike. Kwani mimi nilisema nimechoka?"

Alikuwa mrefu, mkavu, wa katambuga na koti la mvua la kijani alilovaa hata kiangazi. Kwenye salamu hakuwa na mchezo. Aliamkia na kuamkiwa mpaka nyumba iishe, kisha akauliza ng'ombe, mahindi, na mgonjwa kama yupo, ndipo ukaruhusiwa kusema kilichokuleta. Watu husimulia, nami sijui kama ni kweli, kwamba mwanakwaya mmoja alikimbia kumwambia jiko lake linaungua, akaanza na shikamoo kwa woga, na Mwinjilisti akaitika marahaba, akauliza habari za mama yake, ndipo akatafuta ndoo.

Sitaki kumfanya malaika. Alivuta ugoro na kuuficha kwenye mfuko wa Biblia, na alipopiga chafya katikati ya sala sote tulijua sababu. Alihubiri uvumilivu kwa sauti ya mtu anayefukuza nyani shambani. Alifundisha kusamehe saba mara sabini, na kwa kaka yake wa tumbo moja, aliyekaa ng'ambo ya bonde tu, moshi wa jiko lake ukionekana kila asubuhi, hakukanyaga kwa miaka mingi. Hakuna aliyejua wazi waligombea nini. Kaka alifariki, Mwinjilisti akaenda kuzika, akachimba kaburi kwa mikono yake kuliko kijana yeyote, akarudi nyumbani. Mtu alipojaribu kumpa pole alimwambia aangalie nguruwe wake wasiingie kwenye viazi vya watu.

Kitu kimoja nilichompendea tangu mwanzo ni kwamba hakukubali neno Wamang'ati litamkwe mbele yake. Kwetu huku milimani wengi wanawaita hivyo Wabarabaig, wafugaji wa mabondeni, ingawa jina lenyewe ni la kuwaita maadui, na wanaosema hawaoni ubaya. Yeye alikukata katikati ya sentensi. "Wenyewe wanajiitaje? Basi waite hivyo. Ukishindwa jina lao, Injili yao utaiweza?"

Watu wa kila namna walikuja kwake wakitaka kuanza kazi ya umisionari. Sio mapadri wala wachungaji. Walikuwa walei kama mimi: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, kijana mwenye spika ya betri na nyimbo kwenye simu. Hakuuliza umeokoka lini wala umesoma chuo gani. Aliuliza, "Una nyumba ngapi?" Kijana wa spika alidhani anaulizwa mali, akajibu kwamba anajenga ya kwanza.

Nyumba alizouliza ni hizi. Ukitaka kwenda kukaa mbali na kuhubiri, sharti upate nyumba saba za jirani zitakazolima shamba lako ukiwa haupo. Kila nyumba inachukua kipande chake, inakipanda, inakipalilia mara mbili na kukivuna. Mazao yanakufuata kwa gunia, ndiyo unayokula huko ugenini. Kulimiana ni desturi ya kwetu, mtu akiumwa au akifiwa watu huja na majembe bila kuitwa mara mbili. Yeye aliichukua desturi hiyo akaifanya mlango wa kutokea. Bila nyumba saba hakubariki mtu, na baada ya kupata nyumba saba alikupa amri moja tu: usilime unakohubiri.

Amri hiyo ilikuwa na kisa chake, na alikisimulia hadi kwenye sherehe za harusi, watu wakiangaliana. Ujanani alitumwa Getanuwas, kwa hao wafugaji wa Kibarabaig. Alikwenda kwa moyo wote, akakaa na watu, wakamsikiliza. Mwaka wa tatu akafyeka nusu eka pembeni ya njia ambayo ng'ombe hupita kwenda majini, akapanda mahindi, akazungushia miiba. Sisi watu wa milimani tukiona ardhi imelala tunadhani haina mwenyewe. Mkono unawasha. Ng'ombe wakaja, wakafuata njia yao ya siku zote, wakala mahindi. Mwinjilisti akashtaki, kesi ikasikilizwa, akashinda. Mwenye ng'ombe akatozwa mtamba mmoja.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyekuja kusali. Wala iliyofuata. Mzee mmoja wa pale akamwendea, akasimama nje ya uzio, akamwambia, "Ulipofika ulisema umetuletea neno. Kumbe ulileta miiba." Hapo Mwinjilisti husita, halafu humaliza vilevile kila mara. "Nilishinda ng'ombe mmoja, nikapoteza watu wote. Na mahindi yenyewe yalikuwa yameshaliwa."

Aliomba mtamba ule urudishwe. Kamati ya wakati ule ikasema haki ni haki, na mnyama akachinjwa kwenye sikukuu ya mavuno. Basi Mwinjilisti akaja Nambis, akamfungua mtamba wake mwenyewe, wa pekee aliyekuwa naye, akamswaga kwa miguu siku nyingi hadi Getanuwas, akamkabidhi mwenye ng'ombe na kung'oa uzio mbele yake. Kamati ikaona imeaibishwa. Ndipo ikaja ile barua ya kupumzika.

Katika kisa hiki kuna jambo nililokaa nalo muda mrefu bila kuuliza. Mtu aliyetumwa, mwenye shamba kwao, kwa nini alifyeka? Alikuwa anakula nini miaka miwili ya mwanzo, na mwaka wa tatu kiliishia wapi? Nilipokaribia swali hilo alianza kutafuta ugoro.

Mimi nilianzia mnadani Katesh. Nilikuwa nimefiwa na mume, nina eka moja na nusu Nambis, na nilikwenda kuuza vitunguu saumu. Mama mmoja wa Kibarabaig akaja mbele ya meza yangu na kikaratasi cha kliniki kilichokunjwa mara nne. Alikuwa amekizungusha mnadani kote, kila mtu akimwambia ana haraka. Nikamsomea. Kilisema mtoto arudishwe baada ya siku saba, na siku zilikuwa zimepita ishirini na kitu. Nilipomweleza hakulia. Alikikunja tena kikaratasi, akaniuliza kwa Kiswahili cha shida, "Wewe unakaa wapi?" Nikamwambia mbali, Mbulu. Akasema, "Njoo ukae kwetu Getanuwas." Nilirudi nyumbani na mwaliko huo ukanikaa kichwani. Wengine huitwa kwa ndoto. Mimi niliitwa na mama mwenye kikaratasi, na atakayecheka acheke.

Niliandika andiko la mradi, kama nilivyoshauriwa, kurasa sita, lenye malengo na viashiria. Nikampelekea Mwinjilisti. Alivaa miwani, akasoma yote bila kuruka, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho. "Nimetafuta sana," alisema. "Mahali ulipoandika nani atapalilia sijapaona."

Kisha akanifundisha kuomba, na hili ndilo somo gumu kuliko yote. Usitume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, mtu huweka mikono ya kusali na kuendelea na shughuli zake. Usisimame kanisani, watu huitikia kwa sababu wanaonekana. Nenda asubuhi umkute na jembe mkononi, ili ajue anachokupa. "Na uanze na mlango unaouogopa," alisema. "Milango mingine itakungoja."

Mlango niliouogopa ulikuwa wa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyeamini mjane anatakiwa kukaa alipoachwa. Nilimkuta shambani asubuhi. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini, akasema haya, atalima kipande cha chini, karibu na korongo. Nadhani nilimkuta hajajipanga kukataa. Milango mingine ikawa rahisi. Wa tano ulikuwa wa mama wa duka pale senta, Mwislamu, mwenye maksai wawili na plau. Alisema yeye na jembe la mkono hawaelewani, ila maksai watakuja. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza itakuwaje Injili ibebwe na maksai wa dukani. Mwinjilisti akamjibu, "Maksai hawajauliza. Wewe kipande chako ni kipi?" Mjumbe hakuwa na kipande.

Siku ya kamati ya kanisa, iliyotakiwa kunipa kibali, mwenyekiti alikuwa na mpango mwingine. Aliniongelesha kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mama, nia yako ni njema. Lakini majirani huchoka. Kuna mtu kule anaweza kutupatia eka mbili. Lima hukohuko, jitegemee. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Sauti ikatoka benchi la nyuma, ambako mtu asiyealikwa alikuwa amekaa na koti lake la kijani.

"Mwenyekiti, jembe anapewa na mwenye nyumba. Kule wenye nyumba wana ng'ombe. Hilo jembe unampa wewe, na umelitoa huku."

"Mzee, wewe ulipumzishwa."

"Si nimekaa? Nimesimama mimi?"

Walicheka, na kicheko kikaniokoa. Walinikubalia kwa sharti lililoandikwa kwenye fomu: majina ya nyumba saba, na siku moja yakipungua, nichague kurudi nyumbani au kuchukua zile eka mbili. Mwinjilisti alisoma fomu mara mbili, akaniambia nitie sahihi. "Wamekuandikia sheria yangu wakidhani ni mtego," alisema. Ila nilimwona anaondoka bila kuaga, na yeye hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga.

Getanuwas nilikaa kwa yule mama wa kikaratasi. Mwaka wa kwanza nilikuwa msomaji wa karatasi. Nilisoma kadi za kliniki, barua za shule, maandishi kwenye chupa za dawa za mifugo. Jioni wanawake watatu, baadaye tisa, walikaa nami tukisoma Injili ya Luka polepole, mstari kwa mstari, wakinisahihisha mambo ya mifugo ambayo mimi mkulima sikuyaelewa. Mchungaji aliyeacha kondoo tisini na tisa, waliniuliza, aliwaacha na nani? Nilikuwa nimehubiriwa mstari huo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza. Wanaume walipita mbali, wakitazama mikono yangu. Walikuwa wanangoja kuona kama nitafyeka. Mzee mmoja aliniuliza moja kwa moja shamba langu liko wapi. Nikamwambia liko Nambis, linalimwa na majirani. Akauliza, "Wote hao wanakubali?" Nikasema ndiyo, saba. Mwezi ule akamruhusu mkewe kuja kusoma.

Katikati ya mambo hayo Mwinjilisti alihamia kwa binti yake Jorodom, kijiji cha chini ya mlima karibu na Katesh, macho yakiwa yameanza kufifia. Kisha mlima ukashusha tope. Yeye na binti walitoka salama, lakini nyumba haikufaa tena, na vitabu vyake vyote vilikwenda isipokuwa Biblia iliyokuwa kwapani, na barua ndani yake. Binti akapata pa kujihifadhi kwa watu. Yeye akasema anarudi Nambis. Walimwuliza atafanya nini kule na umri ule, akasema atapumzika, kwani barua anayo.

Mwaka wangu wa pili, wakati wa palizi ya kwanza, simu ikaingia ujumbe wa shemeji. "Shemeji habari za huko. Mwaka huu usinihesabu. Rudi ulee shamba lako." Alikuwa amekwishapanda, kwa hiyo aliniachia mahindi machanga na magugu yake. Nilikaa na simu ile mkononi, nikiwa nimechukia kiasi cha kutaka kuitupa. Nilijua maana yake. Nyumba sita. Kamati itaniuliza, na majibu ni mawili, na yote mawili yanawafundisha wanawake tisa kwamba nilikuwa mpita njia au mwizi wa ardhi. Mwenyeji wangu alinitazama nikifunga begi, akauliza, "Unarudi?" Nikamwambia nakwenda kupalilia. Alinijazia kibuyu cha maziwa, na mtu wa safari ya kurudi kabisa hapewi kibuyu, maana kibuyu kinatakiwa kurudi.

Niliteremka basini Nambis kesho yake asubuhi, nikakata moja kwa moja shambani na begi langu. Vipande sita vilikuwa safi. Kwa mama wa duka maksai walikuwa wamepita vizuri hata mistari ikapendeza. Nikashuka kuelekea korongoni nikiwa nimejiandaa kukuta magugu ya kishona nguo mpaka magotini, na nikasikia jembe likigonga jiwe.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda. Analima alipofikia urefu wa mikono, anashika shina la mahindi kwa kidole ili asilikate, anapapasa gugu, analing'oa, kisha anasogeza kigoda. Koti la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye uzio. Zaidi ya nusu ya kipande ilikuwa imekwisha, na kwa mwendo ule nilijua hakuanza jana wala juzi.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti. Aliuliza wanawake, mmoja mmoja, wote tisa, akauliza ng'ombe wao na malisho, na mimi nilijibu nikiwa nimesimama na begi mgongoni, machozi yakinitoka. Sikuyafuta, hakuwa anayaona. Ndipo akauliza, "Umekuja kufanya nini?"

"Kupalilia."

"Huku wa kupalilia yupo. Kule umemwacha nani?"

Niliweka begi chini, nikanyoosha mkono kuchukua jembe. Alilivuta kwake. Nikaona nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Mwinjilisti, wewe ulipotumwa ulikuwa na nyumba ngapi?"

Hakutafuta ugoro. Alipalilia shina moja, la pili, la tatu.

"Sita," alisema. "Ya saba ilikuwa ya kaka yangu. Tulikuwa tumekosana mambo ya mpaka. Nikaona bora nife njaa kuliko kusimama mlangoni kwake na kuomba. Nikawadanganya wakubwa kwamba ziko saba. Kile kipande kikaota magugu, na mbegu za magugu hazijui mpaka. Mwaka wa pili zikaingia vipande vya wengine. Wa tatu wale sita wakachoka, na mimi kule nikawa sina chakula." Akasogeza kigoda. "Ndiyo nikafyeka."

Nilikasirika kwa ajili yake, na kidogo nilimkasirikia yeye, kwamba alinipeleka kwenye mlango wa shemeji kwa amri ambayo mwenyewe ilimshinda. Nikamwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba haoni vizuri, kwamba jua litamuua, kwamba watu watasema nimemtumikisha mzee.

"Waache waseme, midomo ni yao," alisema. "Miaka yote nimewauliza watu una nyumba ngapi, hakuna aliyenigeuzia swali. Leo umeuliza. Sasa nenda zako. Basi la Katesh linapita mchana, na ukishika hili jembe nitakuona umerudi."

Nilikaa pale kwenye tuta, nikanywa naye maziwa ya kibuyu, nikamwachia mkate nilionunua njiani. Sikung'oa hata jani moja. Lilikuwa jambo gumu kuliko kulima eka nzima, kukaa na mikono mitupu ukimtazama mzee anapapasa magugu yako. Kisha nikachukua begi na kibuyu nikapanda kilima.

Nilipitia ofisi ya kanisa kabla ya basi. Katibu alikwisha kusikia habari za shemeji, na fomu yangu ilikuwa juu ya meza tayari, jina la saba limepigwa mstari. Mwenyekiti alikuwa amekaa dirishani. Aliniuliza kwa ule upole wake kama nimeamua kurudi au kuchukua eka mbili. Niliomba kalamu. Pembeni ya jina lililofutwa nikaandika Mwinjilisti.

Katibu akasoma, akamtazama mwenyekiti. "Mama, huyu mzee haoni, hana nguvu, hana hata nyumba. Utamhesabuje?"

Nikamwambia ateremke korongoni akatazame shamba, na asisahau kuamkia kwanza.